Mwana Akifika Miaka 18: Shauri kwa Wazazi wa Birmingham

Mzazi aliyetoka Unguja au Mombasa, Kigoma au Bukavu, akahamia Birmingham na kulea hapa mtoto mwenye kifafa, usonji au maradhi ya akili, huzoea kwa miaka mingi kuwa hakuna jambo la mwanawe lisilopitia kwake: tabibu humweleza yeye, shule humwita yeye, duka la dawa humkabidhi yeye, na barua za hospitali hufika zikiwa na jina lake. Kisha mtoto hutimiza miaka 18, na tabibu yule yule ambaye majuzi alikaa na mama huyo nusu saa akimfafanulia vipimo, leo humjibu kwa upole kuwa hana idhini ya kumwambia chochote. Wapo wanaoichukulia hali hiyo kuwa ni dharau, na wapo wanaoiita ubaguzi. Aghalabu si hili wala lile. Ni sheria, na ndani ya sheria hiyo mzazi ameachiwa nafasi kubwa kuliko anavyodhani, maadamu anajua kwamba cheo chake kimebadilika: jana alikuwa msemaji wa mwanawe, leo ni shahidi wake. Msemaji akinyimwa ruhusa hana kazi, ilhali shahidi hahitaji ruhusa ya mtu ili aandike aliyoyaona.

Sheria yenyewe ni ile ya mwaka 2005 inayohusu uwezo wa mtu kuamua mambo yake, na huanza kumhusu kijana tangu miaka 16. Inasema kwamba kila mtu huhesabiwa kuwa anao uwezo huo mpaka ithibitike kuwa hana. Kwamba uamuzi wa kipumbavu si ushahidi wa kukosa akili. Na kwamba uwezo hupimwa kwa jambo moja moja na kwa wakati wake, wala hautokani na jina la maradhi. Kijana mwenye saikosisi, yaani maradhi ya kusikia au kuamini yasiyokuwapo, aweza kuwa na uwezo kamili wa kuchagua nguo zake na marafiki zake, asiwe na uwezo wa kupima hatari ya kuacha vidonge wiki hii. Pale inapothibitika kuwa uwezo haupo, madaktari hutakiwa waamue kwa maslahi yake, na katika kuyatafuta maslahi hayo wawasikilize wale wanaomtunza. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa kuwa hawezi kuelezwa, na aulize kwa staha: mmeona anao uwezo katika jambo hili? Na kama anao, mmemwuliza kama ananiruhusu nijue, na jibu lake mmeliandika wapi? Huenda hakuna aliyemwuliza.

Heri zaidi ni kutayarisha mambo hayo siku za uzima. Kijana akiwa mtulivu, keti naye, mwandike karatasi fupi ya kusema ni nani anayeruhusiwa kujulishwa habari zake na habari zipi, aitie saini, nakala moja iende kwa daktari wa mtaa, yule watu wamwitaye jipii, na nyingine hospitalini. Mwachie ayafiche anayotaka kuyaficha. Kijana aliyeachiwa siri zake mbili tatu hutoa idhini ya mengine kwa moyo mkunjufu. Akiwa na miaka 18 na akili yake imetulia, aweza pia kumwandikia mzazi hati ya uwakili wa kudumu, isajiliwe serikalini, itumike atakapopoteza uwezo. Kwa yule asiyekuwa nao tangu asili, ipo Mahakama ya Ulinzi yenye kumteua msimamizi, lakini njia hiyo ni ndefu na ya gharama, na mahakama ni nzito kumpa mtu mamlaka ya jumla juu ya tiba ya mwingine.

Lililo kubwa kuliko yote katika mlango huu ni kwamba siri humzuia daktari kusema, haimzuii kusikia. Hakuna kanuni inayomkataza mzazi kumwandikia daktari wa mwanawe aliyoyaona nyumbani, na daktari hukosea sana anaporudisha barua hiyo kwa kisingizio cha usiri. Andika, basi. Ila andika kama mtu ajuaye kwamba kijana ana haki ya kuomba faili lake alisome, na usitie humo maneno ya ghadhabu ambayo ungeona haya kuyasema mbele yake.

Na kabla ya barua, daftari. Si lazima liwe la fahari. Daftari la shule lenye mistari latosha, nalo likae karibu na sanduku la dawa. Ukurasa mmoja waweza kusomeka hivi: "12 Oktoba, 06:40. Aliamka, macho yakamtoka, mkono wa kushoto ukatetemeka dakika 2, hakuitika jina lake. Baadaye alilala kwa muda wa saa moja na nusu. Jana usiku hakumeza kidonge cha pili. Tangu Jumapili anasema jirani anamsikiliza kupitia ukutani." Katika mistari hiyo michache daktari wa mishipa ya fahamu hupata sababu ya degedege, na daktari wa maradhi ya akili hupata tarehe ya kuanza kwa hofu, na wote wawili huona kwamba mambo hayo mawili yalifuatana. Saa na ziandikwe kwa hesabu ya Kizungu, kwani nimewasikia wazee wakisema "saa mbili usiku", mkalimani akapeleka mbili za usiku wa manane, na kifafa cha baada ya chakula kikaandikwa kuwa ni cha usingizini. Ikiwezekana, mwingine nyumbani alipige tukio picha ya video kwa simu, maana daktari hujifunza kwa video ya dakika moja jambo ambalo maelezo ya siku nzima hayamfikishii. Degedege likipita dakika 5, acha kupiga video, piga 999.

Nasisitiza daftari kwa sababu mwenye maradhi ya ubongo na ya nafsi kwa pamoja hutibiwa katika nyumba mbili zisizosemezana kwa wepesi, na katika Birmingham nyumba hizo hata umri wa kupokeana hazilingani. Hospitali ya Watoto iliyoko Steelhouse Lane humwachia kijana wa kifafa karibu na miaka 16 hadi 18, akaenda kwa watu wazima, aghalabu Queen Elizabeth kule Edgbaston. Upande wa akili, mji huu ulijitenga na desturi ya Uingereza mwaka 2016, ilipoanzishwa Forward Thinking Birmingham ili kuwahudumia watu tangu utotoni hadi miaka 25, ndipo wakabidhiwe shirika la maradhi ya akili la Birmingham na Solihull. Mpango wa elimu kwa mwenye mahitaji maalumu nao, kwa sheria ya 2014, waweza kuendelea hadi miaka 25. Msaada wa kaunsili kwa watu wazima huanza 18. Na malipo ya ulemavu ya PIP huanza 16. Kijana mmoja, basi, hukabidhiwa mara tano kwa mikono tofauti katika miaka tisa, na mtu pekee anayekuwapo katika makabidhiano yote ni mzazi. Kwa bahati njema, kule Barberry, Edgbaston, iko kliniki inayoshughulikia maradhi yaliyo baina ya ubongo na nafsi. Daktari wa upande wowote kati ya hizo mbili aweza kuombwa ampeleke kijana huko, na ombi hilo si ufidhuli.

Mambo machache ya dawa yanampasa mzazi ayajue, asije akadhani ni tabia kumbe ni kidonge. Levetiracetam, dawa ya kifafa inayotumika sana, huwaletea baadhi ya watu ukali, huzuni na kukosa subira. Kijana aliyekuwa mpole akageuka mwezi ule ule alioanzishiwa, andika tarehe zote mbili uzipeleke. Kwa upande wa pili, baadhi ya dawa za saikosisi huongeza uwezekano wa degedege. Valproate, tangu Januari 2024, haianzishwi kwa mtu aliye chini ya miaka 55, mwanamume wala mwanamke, ila madaktari bingwa wawili wakubaliane kuwa hakuna nyingine ifaayo, kwa ajili ya madhara yake kwa uzazi. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla, hata aliyeombewa akajisikia amepona. Na kwa kuwa dawa hulipiwa ada mtu akishakuwa mkubwa, mwenye kifafa anayemeza dawa kila siku aombe cheti cha kusamehewa ada hiyo. Wengi hulipa bure kwa kutojua.

Iko pia hali ambayo kila mzazi wa binti anapaswa kuisikia walau mara moja. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia ubongo wenyewe: msichana mzima huanza kuweweseka na kuona yasiyokuwapo, watu wakasema amerukwa na akili au amepandwa na shetani, kisha hufuata degedege, mdomo na mikono kuchezacheza, na kusahau. Ni nadra, lakini hutibika, na hutibika vizuri zaidi yakigunduliwa mapema. Ndiyo maana wazimu ulioingia kwa ghafla pamoja na degedege au homa hautakiwi kupelekwa wodi ya akili peke yake kabla ya ubongo kuchunguzwa, na mzazi ana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Kama kuna mtu anayeshuku kuwa neno la mzazi lina uzito, na akumbuke habari za Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji na kifafa, aliyelazwa Bristol mwaka 2016. Yeye na wazazi wake walisema waziwazi kuwa dawa za saikosisi humdhuru. Akapewa, ubongo ukavimba, akafa. Mama yake hakunyamaza, na kwa juhudi zake sheria ya afya ya mwaka 2022 ikawalazimisha watoa huduma kuwafundisha wafanyakazi wao namna ya kuwahudumia wenye usonji na ulemavu wa kujifunza. Funzo kwetu ni la vitendo: dawa iliyowahi kumdhuru mwanao iandikwe kwa herufi kubwa juu ya karatasi moja, ikae katika mkoba wake, na itakwe iingizwe katika faili la daktari wa mtaa.

Pale saikosisi inapojitokeza kwa mara ya kwanza, aghalabu baina ya miaka 15 na 30, wakati ni mali. Ilikuwa ni katika mji huu huu, miaka ya tisini, ambapo Profesa Max Birchwood na wenzake walianzisha huduma ya kumwahi mgonjwa mapema, ambayo baadaye ilienea Uingereza nzima. Na kipimo kilichowekwa ni kwamba tiba ianze ndani ya wiki mbili tangu kupelekwa. Usingoje aanze kuvunja vitu. Kujifungia chumbani, kuacha kuoga, kuacha chuo, kuvuta bangi kali ili sauti zinyamaze, hayo yatosha kumpeleka.

Sasa nije kwenye jambo linalotuponza watu wetu kuliko yote, nalo ni adabu. Tumelelewa kuwa aibu ya nyumba hufunikwa, na anayeulizwa hali hujibu alhamdulillahi hata kama hakulala siku tatu. Ni tabia njema mno barazani, na ni hasara tupu mbele ya fomu ya PIP. Shughuli ya kwanza inayoulizwa katika fomu hiyo ni kuandaa chakula. Mama huandika: anaweza. Na kweli mwanawe anaweza kukaanga yai. Lakini hakuandika kwamba humwacha jikoni kwa sharti la kusimama mlangoni, kwa sababu mwaka jana alianguka na sufuria ya mafuta, wala hakuandika kwamba siku sauti zinapomzidi hali kitu mpaka alishwe. Sheria ya malipo hayo haiulizi kama jambo lawezekana tu. Inauliza kama lafanyika kwa usalama, kwa kiwango cha kuridhisha, kila linapohitajika, na kwa muda wa kawaida. Anayesimamiwa ili asiungue, hawezi kwa maana ya sheria. Jaza fomu kwa kuitazama siku mbaya na kuhesabu hutokea mara ngapi, ambatanisha kurasa za daftari, na ukikataliwa omba uamuzi utazamwe upya ndani ya mwezi mmoja, kisha nenda baraza la rufaa. Wengi waliokata tamaa hapa hushinda huko. Kijana asiyeweza kushika fedha, mzazi aweza kuomba atambuliwe rasmi kuwa mpokeaji kwa niaba yake, bila ada na bila mahakama. Mwenye viza inayomzuia fedha za umma asiombe malipo haya kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji. Lakini kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakumdai mtu makaratasi ya ukaazi.

Kuhusu shehe, padri na mganga nitasema kifupi. Dua haigombani na kidonge, na sijaona sababu ya mzazi kuchagua kimoja. Wazee wetu wanaomkumbuka mgonjwa aliyepelekwa hospitali za akili za Kidongo Chekundu, Mirembe au Mathari akarudi kimya, wana haki ya kuogopa. Lakini Birmingham nayo mwaka 1850 iliwafungulia wagonjwa wake wa akili nyumba kule Winson Green, jirani na gereza, kwa hiyo aibu hii hatukuja nayo sisi peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall aliwapa wenye kifafa vidonge vya bei nafuu, na watu waliokuwa wakikwepwa kwa kudhaniwa kuwa wanaambukiza wakarudi mashambani. Anayesoma kombe na asome. Anayemwamuru kijana aache dawa, anayempiga ili pepo atoke, au anayedai fedha nyingi, huyo aondolewe mlangoni. Na mwezi wa Ramadhani usiingie kabla ya kumwona daktari: dawa nyingi huweza kupangwa futari na daku, lakini mwenye kutumia dawa ya lithium huweza kudhurika kwa kukosa maji, na saumu za kiangazi hapa hukaribia saa 18. Mgonjwa ana ruhusa ya dini yake asifunge, tena bila kuona haya.

Siku ya dharura isiyohitaji gari la wagonjwa, piga 111 kisha chagua 2, usiku au mchana, utapata watu wa maradhi ya akili. Hatari ikiwa ya mara moja ni 999, na waambie tangu mwanzo kuwa ni mgonjwa, ana kifafa, hana silaha kama hanayo. Nasema hivyo kwa sababu takwimu za serikali za 2022 hadi 2023 zilionyesha kuwa watu weusi Uingereza walizuiliwa kwa sheria ya maradhi ya akili takriban mara tatu na nusu kuliko weupe, na aghalabu njia ya kuzuiliwa huanzia pale ambapo hakuna aliyepiga simu mapema. Sheria hiyo ya 1983 humpa jamaa wa karibu haki kubwa: kuitaka kaunsili imtume ofisa amtazame mgonjwa na kujibu kwa maandishi ikikataa, kupinga kuzuiliwa kwa muda mrefu, na kuomba aachiliwe. Kwa kijana asiye na mume, mke wala mtoto, cheo hicho kwa kawaida humwendea mzazi mkubwa kwa umri, ingawa anayeishi naye na kumtunza hutangulizwa. Bunge limeshughulika kukibadilisha cheo hiki, kwa hiyo ulizia hali ilivyo siku hiyo. Na aliyezuiliwa kwa kifungu cha 3 cha sheria hiyo ana haki ya matunzo bila malipo akitoka. Yasipotajwa wakati wa kumruhusu, yataje wewe.

Limebaki la mzazi mwenyewe. Sheria ya matunzo ya 2014 humpa kila mtunzaji haki ya kutathminiwa na kaunsili, bila kuulizwa kipato, na mzazi wa mtoto aliye chini ya 18 aweza kuomba tathmini ya mpito mapema. Ni kweli kwamba kaunsili ya Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kuwa fedha zake hazitoshi, na ombi laweza kusubiri. Lakini wajibu wa kisheria haukufutwa kwa upungufu huo, na aliyeandika ombi lake ana foleni, asiyeandika hana. Anzia Birmingham Carers Hub, na kwa wenye usonji Autism West Midlands. Daima dai mkalimani wa hospitali, wala usimfanye mdogo wa mgonjwa awe ndiye mfasiri wa ugonjwa wa kaka yake. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kubebeshwa maneno hayo, na hataki kuyatamka yote. Wenye Kiswahili cha Kongo na wenye Chimwini waseme hivyo tangu wanapopanga miadi, wapate mtu wa lafudhi yao.

Basi ndugu msomaji, ikiwa mwanao yuko baina ya miaka 16 na 18, usingoje barua ya hospitali ikutangulie. Wiki hii mwandikie daktari wa mtaa mistari minne: jina lake na tarehe ya kuzaliwa, maradhi yake yote, dawa zake na zile zilizomdhuru, na swali la nani atamshika mwanao kila upande siku atakapovuka umri huo. Omba jibu la maandishi, tia tarehe, weka nakala katika daftari, na yasipofika majibu kwa wiki tatu, andika tena.